Kwa nini mrushaji hatari wa besiboli huingizwa mechi ikikaribia kuisha?

Kwa sisi tuliolelewa na mpira wa miguu, jambo hili halikai sawa kichwani. Mrushaji anayeogopwa kuliko wote anakaa kwenye kizimba nyuma ya uzio kwa saa mbili na zaidi. Timu yake ikishaongoza ndipo anaitwa, anarusha mipira kumi na tano hivi, wanapeana mikono, basi. Mariano Rivera wa Panama aliifanya kazi hiyo New York Yankees mpaka akawa tajiri na gwiji.

Sababu ni hii. Mechi ina awamu 9 (katika kila awamu timu zote mbili hupata zamu ya kupiga), na mrushaji anayeanza hukabiliana na wapigaji tisa wale wale kwa zamu, duru baada ya duru. Duru ya kwanza wanamsikilizia. Ikifika ya tatu, mkono wake umechoka na wao wameshamsoma. Kocha anamtoa, na akitoka harudi tena. Mfunga dimba, yaani huyo anayeingizwa mwishoni, hana duru ya pili: anatumia nguvu zake zote, na kabla hawajamzoea mechi imekwisha.

Tangu 1969 Ligi Kuu ya Marekani ina takwimu rasmi ya kazi hii, uokoaji. Kwa kawaida unaupata ukiingia timu ikiongoza kwa mikimbio (ndiyo mabao ya besiboli) isiyozidi 3, ukaimaliza awamu ya mwisho nzima bila kuupoteza uongozi. Rivera, aliyezaliwa mwaka huohuo, alistaafu akiwa na 652, rekodi ya ligi.

Cha ajabu ni kwamba kwa sehemu kubwa alitegemea mrusho mmoja tu. Mwaka 1997 alikuwa akirushiana mpira na mwenzake Ramiro Mendoza, mpira ukaanza kukata kona wenyewe dakika ya mwisho. Walijaribu kuunyoosha ikashindikana, wakauacha. Ashukuriwe Mungu.

Toka kwa mrushaji hadi kwa mpigaji ni kama mita 18, na mpira unafika kwa takriban sekunde 0.4. Mpigaji anauona umenyooka, anaamua, anazungusha gongo (siyo ile ya kunywa), na hapo ndipo mpira unateleza inchi chache pembeni. Kwa mpigaji wa mkono wa kushoto unamwingilia mwilini, unagonga pale gongo lilipo jembamba, karibu na vidole. Kwa Rivera magongo yalivunjika sana. Mtu anabaki ameshika kipande kama mpini wa jembe.

Ubaya wa kazi hii ni kwamba ukikosea hakuna wa kukufutia. Fainali ya 2001, ambayo huwa ni mfululizo wa mechi, katika mechi ya saba na ya mwisho, Yankees wakiongoza 2-1 dhidi ya Arizona, Rivera alisawazishiwa katika awamu ya tisa. Kisha mpigaji wa Arizona, Luis Gonzalez, akaugusa mpira hovyo, ukapaa kidogo juu ya walinzi waliosogezwa mbele na kudondoka kwenye nyasi. Kombe likaenda.

Aliendelea kucheza miaka 12 zaidi. Septemba 26, 2013, mechi yake ya mwisho nyumbani, Yankees walikuwa nyuma kwa 4-0, kwa hiyo hapakuwa na cha kuokoa. Badala ya kocha, waliokuja kumtoa ni Derek Jeter na Andy Pettitte, aliocheza nao tangu 1995. Akacheka kidogo, kisha akamwegemea Pettitte begani na kulia kwa muda mrefu, uwanja mzima ukiwa umesimama.