Ukishindwa Kuongea, Punguza Mwendo

Wiki hii nimeulizwa tena: "Kocha, nikikimbia bila kuhema si napoteza muda?" Hapana, hupotezi chochote. Anayepoteza ni yule anayechomoka siku ya kwanza, pumzi zikamwishia kabla ya dakika ya tatu, akarudi nyumbani ameshaamini kuwa mwili wake haukuumbiwa mbio. Mwili wake hauna kosa, kilichokosewa ni mwendo. Na wanaoendelea kuwahubiria wageni wa mbio kwamba zoezi lisilouma halina faida wananiudhi kweli, kwa sababu wanaoumia kwa maneno hayo si wao.

Karibu kila faida anayoitafuta anayeanza ipo kwenye mwendo wa taratibu. Ndani ya wiki mbili za kwanza, plazma, ile sehemu ya majimaji ya damu, huongezeka. Moyo husukuma damu nyingi zaidi kwa kila pigo, na kazi ileile ikafanyika kwa mapigo machache. Kadiri wiki zinavyosonga, mishipa midogo kabisa ya damu huongezeka kuzunguka nyuzi za misuli, na mitokondria, yaani viwanda vidogo vya nishati ndani ya nyuzi hizo, nazo huongezeka. Ndiyo maana ngazi zilizokuwa zikikutoa jasho unazipanda sasa huku unazungumza. Haya yote yanataka dakika nyingi, zilizorudiwa wiki kwa wiki. Dakika hizo huwezi kuzifikisha kama kila siku unamaliza hoi.

Kipimo ni mdomo wako. Sema sentensi nzima ya maneno kumi kwa sauti. Ikikatika katikati, punguza mwendo. Kama bado inakatika, tembea. Saa za mkononi nyingi hukadiria mapigo ya juu kabisa ya moyo kwa dakika kwa kutoa umri kwenye 220, na hesabu hiyo inaweza kumkosea mtu mmoja kwa mapigo zaidi ya 10 juu au chini. Mdomo naamini zaidi.

Ratiba ya kuanzia: tembea kwa haraka dakika 5, kisha kimbia dakika 1 na kutembea dakika 2, rudia mara 8, malizia kwa kutembea dakika 5. Siku tatu kwa wiki, na kati yake siku ya kupumzika. Kutembea huko ni sehemu ya zoezi. Asikuambie mtu kuwa unadanganya. Ikiwa wiki imekuwa nzito, irudie kama ilivyo. Ikiwa nyepesi, kimbia dakika 2 na kutembea dakika 2, mara 6. Wengi hufika dakika 30 mfululizo baada ya wiki 8 hadi 12, na anayechukua 16 hajachelewa popote.

Sasa hapa ndipo watu wanapoumia, kwa hiyo nisikilizeni vizuri. Moyo na pumzi huzoea upesi, mifupa na kano huzoea polepole. Kufikia wiki ya nne au ya sita unajisikia mwepesi, unataka kuongeza kasi, ongeza siku, ongeza umbali, vyote kwa mkupuo. Mfupa uliopewa mzigo mpya huanza kwa kubomoa sehemu zake za zamani, ndipo ujenge mpya. Kubomoa huchukua wiki chache, kujenga huchukua miezi. Katikati hapo mfupa unaweza kuwa dhaifu kuliko ulipoanza, na pumzi zako haziwezi kukupa taarifa hiyo. Maumivu yaliyosambaa kando ya muundi kwa ndani, yanayopoa ukishapata joto, yanakuambia upunguze dakika. Maumivu ya sehemu moja unayoweza kuigusa kwa kidole, yanayochoma ukiruka kwa mguu mmoja au yanayokuamsha usiku, yanakuambia uache kukimbia na umwone daktari. Usiendelee kukimbia nayo ukidhani yataisha yenyewe.

Je, uongeze mbio zako kwa asilimia 10 tu kwa wiki? Makocha huitaja kama sheria. Ukweli ni kwamba ushahidi wake ni mwembamba: utafiti wa Uholanzi uliochapishwa 2008 uliwalinganisha wanaoanza waliofuata kanuni hiyo na waliofuata ratiba ya kawaida, na majeraha yalikuwa karibu sawa. Mimi bado nashauri kuongeza kidogokidogo, lakini sitakuahidi kuwa namba 10 ina nguvu ya pekee.

Kuhusu uzito, punguza matarajio. Kukimbia huchoma takriban kilokalori 1 kwa kila kilo ya mwili kwa kila kilomita; mtu wa kilo 70 akikimbia kilomita 5 ametumia kama 350, na njaa ya baadaye huweza kuzirudisha zote. Usingizi, shinikizo la damu na hali ya moyoni ndiko faida huonekana mapema. Ile furaha baada ya mbio huhusishwa sana na endofini, kemikali za mwili za kutuliza maumivu, ingawa endofini za kwenye damu hazipenyi kirahisi kuingia ubongoni, na wanasayansi wengi sasa wanaelekea kwenye endokanabinoidi, kemikali za mwili zinazofanana na zile za bangi. Ubishi haujaisha. Furaha yenyewe ipo, na haihitaji mwendo wa kasi.

Ukishakimbia dakika 30 mfululizo kwa wiki mbili bila maumivu, ndipo uonje kasi: siku moja tu kwa wiki, mwishoni, mara 4 za sekunde 20, ukitembea dakika moja na nusu kila baada ya moja. Siku nyingine zote, sentensi ya maneno kumi.