Je, wajua? Milia ya kromosomu ilifichuliwa na dawa ya malaria

Ukienda kupimwa malaria Malindi, tone la damu hupakwa kwenye slaidi, likatiwa rangi ya Giemsa, kisha likatazamwa kwa darubini. Rangi hiyo hiyo ndiyo inayosomea kromosomu za binadamu, yaani nyuzi zilizo ndani ya chembe za mwili zinazobeba urithi. Na iliyoitangulia ni dawa ya kutibu malaria yenyewe: kwinakrini.

Tangu 1956, watafiti Tjio na Levan walipochapisha hesabu yao, ilijulikana tuna kromosomu 46. Kuzitambua ndiko kulikokuwa kugumu. Rangi za kawaida zilizikolea zote sawasawa: ya 6 hadi ya 12 pamoja na X hazikuachanika, na ya 21 na ya 22 zilifanana kama pacha.

Mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa ile ya 1970, Torbjörn Caspersson, Lore Zech na wenzao wa Sweden walizitia kwinakrini, zikawaka. Dawa hii hunyonya mwanga wa buluu na kurudisha wa manjano-kijani. Penye adenini na thaimini tele, mbili kati ya herufi nne za DNA, hung'aa. Guanini, herufi nyingine, huuzima mng'ao. Kila kromosomu ikapata milia yake, nawe ukaijua kama unavyokijua kikoi kwa mishipi yake. Ncha ya mkono mrefu wa kromosomu Y hung'aa kupita zote. Ila mng'ao hufifia upesi, kwa hiyo picha hupigwa papo hapo.

Giemsa haififii hivyo, ndiyo maana ikashika nafasi. Slaidi iliyokomaa, yaani iliyoachwa ikauke vizuri, huchovywa kwenye tripsini (kimeng'enya kinachovunja protini) kwa sekunde chache, kisha hutiwa Giemsa ya pH 6.8 (ya malaria ni 7.2). Tripsini ikipungua, kromosomu hukolea rangi moja bila milia. Ikizidi, huvimba na kupauka.

Tofauti kubwa na kipimo cha malaria ni kwamba hapa chembe nyeupe lazima ziwe hai. Damu huwekwa kwenye chupa ya heparini, wala si ya EDTA (zote mbili huzuia damu kuganda), na chembe zikakuzwa saa 72 kwa nyuzi 37. Kolkisini huzisimamisha katikati ya kugawanyika, kloridi ya potasiamu ya 0.075 M huzivimbisha, kisha methanoli sehemu 3 na asidi ya asetiki sehemu 1 huzigandisha zilivyo.

Kudondosha chembe hizo kwenye slaidi ndiko kunakoharibu kazi nyingi, hasa pwani. Hewa ikijaa unyevu, tone hukauka polepole mno na kromosomu hutawanyika, nyingine zikapotea. Chumba chenye kiyoyozi kikali nacho hulikausha ghafla, zikabaki zimelaliana. Kwa hiyo unyevu wa chumba hupimwa kabla ya tone la kwanza, ukalengwa karibu asilimia 50.