Ofisini shuleni na darasani chuoni: kazi ya mtaalamu wa ustawi wa jamii

Mwanafunzi akizidi kukosa masomo, jina lake huingia kwenye orodha ya watoro. Mtaalamu wa ustawi wa jamii wa shule huanza kazi pale orodha inapoishia. Kwanza anauliza: ni siku zipi? Kama ni Jumatatu na Ijumaa tu, huenda mtoto anahamahama kati ya nyumba ya mama na ya baba. Kama ni siku za michezo, huenda anaficha michubuko asionekane anapobadili nguo. Hawa wawili wote wanaitwa watoro, lakini adhabu haimsaidii yeyote kati yao.

Kazi hii ina historia ndefu. Mnamo 1906 na 1907, miji ya New York, Boston na Hartford nchini Marekani ilianza kuwatumia walimu waliokwenda majumbani mwa wanafunzi ili shule na familia zielewane. Kufika nyumbani kwa mtoto bado ni sehemu ya kazi, na kwa maoni yangu ndiyo inayotupa picha kamili kuliko fomu yoyote.

Kuna jambo moja wazazi na walimu wengi hawalijui. Mtoto akisema, “Nitakuambia, ila usimwambie mtu,” hatumpi ahadi hiyo. Tunamweleza mapema, kwa lugha ya umri wake, kwamba mengi yatabaki kati yetu, lakini akiwa hatarini, au akitaka kujidhuru au kumdhuru mwingine, itabidi tuwaambie wanaoweza kumlinda. Na kila inapowezekana, yeye ndiye wa kwanza kuelezwa nani ataambiwa na kwa nini. Mtoto aliyeahidiwa siri kisha ikavuja, ni vigumu sana kumwamini mtu mzima tena.

Baadhi yetu, baada ya miaka shuleni, huenda kufundisha chuo kikuu, kwa kawaida tukiwa na shahada ya uzamili au uzamivu. Huko nadharia ni nusu tu ya somo. Marekani, kwa mfano, shahada ya kwanza ya fani hii hudai saa zisizopungua 400 za mafunzo kwa vitendo, na ya uzamili saa 900. Zoezi ninalolithamini zaidi ni mwanachuo kuandika mazungumzo yake na mtoto neno kwa neno, kadiri anavyokumbuka, na pembeni kuandika alichohisi. Chukua mfano huu: mtoto anasema, “Sipendi kulala nyumbani.” Mwanachuo anajibu, “Jitahidi kulala mapema.” Kwa mstari huo naweza kumaliza kipindi kizima, kwa sababu mtoto alikuwa amefungua mlango na ushauri wa haraka ukaufunga. Ilitosha kumuuliza, “Usiku kunakuwaje?” kisha kunyamaza.

Ndiyo maana naona mhadhiri wa fani hii asiiache shule moja kwa moja, hata akibaki na siku chache tu za kuwaona watoto. Nawe unayetafuta chuo, kabla hujajiandikisha uliza nani atakusimamia kwenye mafunzo kwa vitendo, na kama amewahi kufanya kazi hii shuleni.