Lugha mbili kichwani, na zote ziko macho

Swali ninaloulizwa na wazazi kuliko jingine lolote linahusu kuchelewa. Mtoto ana miaka miwili, nyumbani anasikia lugha mbili, maneno yake bado ni ya kuhesabika, na tayari kuna mtu (mara nyingi jamaa, mara nyingine mwalimu, na kwa masikitiko hata daktari) aliyewashauri waiache lugha moja mpaka ile nyingine ikae sawa. Jibu langu ni kwamba wasiiache. Lakini jibu hilo peke yake halimsaidii mtu, kwa sababu ushauri ule umetokana na dhana kwamba kichwa kina nafasi ya lugha moja kwa wakati, na kwamba ya pili ikiingia, ya kwanza hubanwa. Tunachokijua kutokana na majaribio ni kinyume chake. Lugha mbili za mtu mmoja hazipeani zamu. Zote huwa macho muda wote, hata pale anapodhani anatumia moja tu, na mengi yanayowatia wazazi hofu ni matokeo ya jambo hilo.

Hofu yenyewe ni ya zamani. Mwaka 1923 D. J. Saer alichapisha matokeo ya vipimo vya akili alivyowapa watoto wa Wales, akaeleza kwamba wale wanaozungumza Kiwelisi na Kiingereza walikuwa nyuma ya wenzao wa Kiingereza pekee. Tofauti hiyo aliiona kwa watoto wa vijijini. Wa mijini haikuonekana kwao. Hapo tu pangetosha kumshtua msomaji, maana kama lugha mbili zinaharibu akili, kwa nini zisiiharibu mjini? Lakini enzi ile wengi hawakulitilia maanani. Ilichukua muda mrefu hadi mwaka 1962, Elizabeth Peal na Wallace Lambert walipowapima watoto wa miaka kumi mjini Montreal, safari hii wakihakikisha kwamba makundi yote mawili yanatoka katika familia zenye hali zinazofanana. Wenye lugha mbili wakafanya vizuri zaidi. Nao hawakukosa wakosoaji: walikuwa wamechagua watoto wanaozimudu lugha zote mbili sawasawa, na huenda mtoto mwepesi wa kujifunza ndiye anayefika hapo. Hata hivyo, tangu wakati huo hoja ya kwamba lugha mbili humdumaza mtoto imebaki bila mguu wa kusimamia.

Kuchanganyikiwa je? Hapa inabidi turudi nyuma sana, hadi kwa vichanga. Mtafiti anayetaka kujua kichanga anasikia nini humpa chuchu ya bandia iliyounganishwa na mashine. Akinyonya kwa nguvu, sauti inasikika. Sauti ileile ikirudiwarudiwa anaichoka, na kasi ya kunyonya inapungua. Ikibadilishwa naye akachangamka tena, tunajua ameitambua tofauti. Kwa njia hii Peter Eimas na wenzake walionyesha mwaka 1971 kwamba watoto wa mwezi mmoja hutofautisha silabi mbili zinazokaribiana kama ba na pa. Mwaka 2010 Krista Byers-Heinlein, Tracey Burns na Janet Werker wakaitumia njia hiyohiyo kwa vichanga ambao mama zao walizungumza Kitagalog, lugha ya Ufilipino, na Kiingereza katika ujauzito. Vichanga waliosikia Kiingereza pekee tumboni walivutiwa zaidi na Kiingereza. Wale wa lugha mbili walivutiwa na zote. Mtu mwenye shaka angesema: basi hawazitofautishi. Watafiti walikuwa na shaka hiyohiyo, wakawazoesha watoto lugha moja hadi wakaichoka, kisha wakabadilisha. Watoto wakaanza kunyonya upya. Wanazijua kuwa mbili, kwa mahadhi yake, kabla hawajaelewa neno hata moja.

Miezi inayofuata, sikio linaanza kuchagua. Kihindi kina sauti mbili za t, moja ulimi ukigusa meno, nyingine ncha ya ulimi ikipinda kuelekea nyuma. Janet Werker na Richard Tees walionyesha mwaka 1984 kwamba watoto wa familia za Kiingereza wa miezi 6 hadi 8 huzitofautisha vizuri tu, na wakifika miezi 10 hadi 12 wengi wao hawawezi tena. Sikio limegundua kwamba tofauti ile haibebi maana nyumbani kwao, likaachana nayo. Na si sauti peke yake. Mwaka 1996 Jenny Saffran, Richard Aslin na Elissa Newport waliwasikilizisha watoto wa miezi minane mfululizo wa silabi zisizo na maana, usio na pumziko wala mkazo, kwa dakika mbili. Ndani yake kulikuwa na "maneno" ya silabi tatu yaliyofichwa: silabi fulani zilifuatana kila mara, nyingine kwa nadra. Dakika mbili zikawatosha watoto kutambua wapi neno linaanza na wapi linaishia.

Sasa mfikirie mtoto wa lugha mbili. Hesabu hizo anazifanya kwa kila lugha, lakini siku yake haiongezewi saa. Kila lugha inapata sehemu tu ya muda wake wa kusikia. Ukilielewa hilo, sehemu kubwa ya kile kinachoitwa kuchelewa unaweza kuitabiri kabla hujamwona mtoto mwenyewe.

Turudi kwenye lugha kuwa macho. Kusikia neno si kusubiri limalizike ndipo ulitafute. Ukisikia maja… kabla msemaji hajafika mwisho, majani, majaribio, majambazi na majaliwa yote yameshaamka kichwani, na kila sauti inayoongezeka inayalaza baadhi yake tena. Ni mashindano ya sehemu ndogo ya sekunde. Swali ambalo Michael Spivey na Viorica Marian walijiuliza mwaka 1999 ni hili: kwa mtu wa lugha mbili, washindani hao wanatoka katika lugha moja au zote mbili? Waliwaita watu wanaozungumza Kirusi na Kiingereza, wakaweka vitu mbele yao, wakawapa maagizo kwa Kirusi huku kamera ikifuatilia macho. Waliposikia wasogeze marku, yaani stempu, macho yao mara kwa mara yalikimbilia kwanza kalamu nene, ambayo kwa Kirusi jina lake halifanani kabisa na neno hilo, ila kwa Kiingereza inaitwa marker. Hakuna aliyekuwa amezungumza Kiingereza katika zoezi lile, lakini Kiingereza kilikuwa kimeamka.

Jaribio ninalolipenda zaidi ni la Guillaume Thierry na Yan Jing Wu la mwaka 2007, kwa sababu washiriki wenyewe hawakujua kinachoendelea. Walikuwa Wachina wanaokijua Kiingereza, na kazi yao ilikuwa kusoma jozi za maneno ya Kiingereza na kusema kama maana zake zinahusiana. Baadhi ya jozi zilichaguliwa kwa hila: tafsiri zake za Kichina zilikuwa na herufi ya Kichina inayofanana. Majibu ya washiriki hayakubadilika, lakini mawimbi ya umeme ya ubongo yalibadilika. Walikuwa wakisoma Kiingereza, na Kichina kikisomeka chini kwa chini.

Kama lugha zote ziko macho, basi kuzungumza moja ni kazi ya kuizuia nyingine, na kazi hiyo inapimika. Renata Meuter na Alan Allport mwaka 1999 waliwataka watu wataje tarakimu zinazotokea kwenye skrini, rangi ya nyuma ikiwaelekeza watumie lugha ipi. Kubadili lugha kuliwachelewesha, jambo ambalo kila mtu angelitarajia. Lisilotarajiwa ni kwamba kurudi kwenye lugha wanayoimudu zaidi kuliwachelewesha kuliko kuingia kwenye ile dhaifu. Maelezo yanayokubalika na wengi, ambayo David Green aliyaweka vizuri mwaka 1998, ni kwamba lugha yenye nguvu huzuiwa kwa nguvu zaidi, na kizuizi kikubwa huchukua muda kuondoka. Ukimwona mtu mzima anababaika kidogo katika lugha yake mwenyewe baada ya kuzungumza nyingine siku nzima, hajaisahau.

Mtoto anafanya usimamizi huohuo akiwa na zana changa zaidi. Miaka ya 1970 Virginia Volterra na Traute Taeschner walipendekeza kwamba mtoto huanza na mfumo mmoja uliochanganyika, kisha akautenganisha polepole. Wazo hilo lilipendwa, na bado nalisikia kwa watu ambao hawajawahi kusikia majina ya waliolianzisha. Fred Genesee na wenzake mjini Montreal waliwafuatilia watoto wa karibu miaka miwili ambao kila mzazi alikuwa na lugha yake. Kama wangekuwa na mfumo mmoja, wangechanganya kwa kiwango kilekile mbele ya kila mtu. Sivyo walivyofanya. Kila lugha waliitumia zaidi kwa mzazi mwenye lugha hiyo, na hata kwa mgeni wasiyemjua walijitahidi kumfuata. Wanapochanganya, mara nyingi ni kwa sababu neno wanalolitaka wanalo katika lugha moja tu, au kwa sababu wanaigiza watu wazima wanaowazunguka, ambao huchanganya ndimi kutwa nzima na kisha kumlaumu mtoto. Shana Poplack alionyesha mwaka 1980 kwamba hata kwa watu wazima hodari, kubadili lugha katikati ya sentensi hufuata taratibu za sarufi za pande zote mbili.

Msamiati ndipo penye makosa mengi ya upimaji. Mtoto mwenye maneno 60 katika lugha hii na 50 katika ile, akipimwa kwa orodha ya lugha moja, anaonekana yuko chini. Barbara Pearson na wenzake, waliofanya kazi na watoto wa Kihispania na Kiingereza mjini Miami, walionyesha mwaka 1993 kwamba ukihesabu dhana alizo nazo mtoto katika lugha zote, hayuko nyuma ya mwenye lugha moja. Ukichukua lugha mojamoja, ndiyo, pengo dogo linaweza kuwepo kwa miaka kadhaa, na hakuna sababu ya kuwaficha wazazi. François Grosjean aliandika mwaka 1989 kwamba mtu wa lugha mbili si wazungumzaji wawili wa lugha moja waliowekwa katika mwili mmoja, na vipimo vingi vinavyotumika mpaka leo vimetengenezwa kana kwamba hakuandika.

Kuhusu faida za akili, mimi ni mbahili wa sifa. Ellen Bialystok na wenzake walichapisha mwaka 2007 uchunguzi wa wagonjwa 184 wa kliniki ya kumbukumbu mjini Toronto: dalili za ugonjwa wa kusahau kwa wenye lugha mbili zilianza takriban miaka minne baadaye. Yapo mengi ya namna hiyo, na magazeti huyapenda. Lakini Kenneth Paap na wengine wamerudia vipimo vya umakini bila kuiona faida, na mwaka 2019 uchunguzi wa zaidi ya watoto 4,500 wa miaka 9 na 10 nchini Marekani haukuipata. Mzazi anayemlea mtoto kwa lugha mbili ili awe na akili kali zaidi huenda akavunjika moyo. Anayetaka mtoto azungumze na bibi yake hahitaji utafiti wowote.

Kuna jambo moja la vitendo ninalolisisitiza. Patricia Kuhl, Feng-Ming Tsao na Huei-Mei Liu waliwapa watoto Wamarekani wa miezi tisa vipindi 12 vya Kimandarini, yaani Kichina sanifu. Waliochezewa na kusomewa na mtu aliyekaa mbele yao walijifunza kutofautisha sauti za Kimandarini. Waliopewa watu walewale na vitabu vilevile kwenye televisheni hawakujifunza chochote kinachopimika. Kumwekea mtoto mchanga katuni za lugha ya pili si kumpa lugha ya pili.

Mzazi akishaelewa haya, bado ana haki ya kuuliza: na kama mtoto wangu kweli ana tatizo? Ugumu wa ukuaji wa lugha, ule usio na chanzo kama uziwi, huwapata takriban watoto 7 katika kila 100, wawe wa lugha moja au mbili. Johanne Paradis na wenzake mwaka 2003 waliwalinganisha watoto wenye ugumu huo, wa lugha moja na wa lugha mbili, wakakuta makosa yao ya sarufi ni ya kiwango kimoja. Kuwaondolea lugha moja kusingewapunguzia kitu.

Nikimpima mtoto, kwanza nataka kujua nani humsemesha lugha ipi, na kwa saa ngapi kwa siku. Siamini majedwali ya umri yaliyotokana na Kiingereza. Katherine Demuth alionyesha kwamba watoto wa Kisotho hutumia kauli ya kutendwa kabla hawajafika miaka mitatu, mapema kuliko ilivyodhaniwa inawezekana kwa mtoto yeyote, kwa kuwa lugha yao inaihitaji kila saa. Kamil Ud Deen, aliyewarekodi watoto wa Kiswahili jijini Nairobi, alikuta kwamba hudondosha viambishi vya nafsi na wakati, wakasema taka badala ya nataka, lakini ni nadra kuweka kiambishi kisicho chake. Mtoto wa namna hiyo akipimwa kwa jedwali la lugha nyingine ataonekana ama hodari kupita kiasi ama mgonjwa.

Kisha namfundisha maneno mapya machache palepale nione anayashikaje, na namtaka arudie maneno yasiyo na maana, ya silabi mbili, tatu, nne, ambayo hayategemei sana amesikia lugha ipi kwa wingi. Akiyumba katika lugha moja tu, tatizo kwa kawaida ni saa za kusikia, na dawa yake ni watu wa kuzungumza naye. Akiyumba katika zote mbili, na kujifunza kwenyewe kukawa kwa shida, huyo ana ugumu wa kweli. Asiambiwe asubiri mpaka lugha zikae sawa: apimwe masikio na aanzishiwe tiba ya usemi mara moja, katika lugha zote mbili.