Uzi wa Nailoni Kwanza, Koleo Baadaye

Mwenye kisukari akifika kliniki ya miguu hapa Kisumu, mara nyingi hutaka akatwe kucha aende zake. Hata hivyo, kifaa cha kwanza kushikwa hakikati chochote: ni monofilamenti ya gramu 10, uzi mfupi wa nailoni uliopachikwa kwenye mpini, unaopinda ukisukumwa kwa nguvu sawa na uzito wa gramu 10. Mgonjwa hufumba macho, uzi ukasukumwa wima kwenye ngozi hadi upinde, kwa sekunde moja au mbili. Hugusishwa chini ya kidole gumba na sehemu ya mbele ya wayo, si juu ya sugu, maana sugu hupunguza hisia hata kwa mtu mzima wa afya. Asipotambua ameguswa, mguu umeanza kufa ganzi, na ukimkata kimakosa hatashtuka. Uzi wenyewe huchoka; baada ya watu kumi hivi, upumzishwe saa 24.

Ndipo koleo ya kucha hutolewa. Kucha nene hung'atwa vipande vidogo vidogo, kwa kufuata umbo la ncha ya kidole. Ukiikata kwa mkupuo mmoja inapasuka, na ukichimba pembeni unaacha kijisehemu chenye ncha ambacho kikikua hudunga nyama. Kingo hulainishwa kwa tupa ya chuma.

Sugu huondolewa kwa kisu cha upasuaji: mpini namba 3, wembe namba 10 au 15. Mkono mmoja huvuta ngozi ikazike kidogo, mwingine hulaza wembe na kuparura utando mwembamba mmoja mmoja, hadi ngozi laini ianze kuonekana. Chini ya sugu huenda kuna kidonda kilichojificha, ndiyo sababu wembe wa dukani na dawa za asidi za kuunguza sugu ni hatari kwa mwenye kisukari. Wembe hutumika kwa mtu mmoja, kisha hutupwa kwenye boksi la vitu vyenye ncha kali.

Koleo huoshwa kwanza kwa sabuni na brashi, midomo ikiwa wazi. Midomo ikifungwa, brashi na hata mvuke wa kutakasa havifiki kwenye kiungo, na uchafu hubaki humo humo. Kisha huingizwa kwenye mashine ya mvuke, nyuzi joto 121 za Selsiasi, dakika 20 ikiwa haiko kwenye pakiti au 30 ikiwa kwenye pakiti. Kuchemsha kwenye sufuria hakuui mbegu za pepopunda. Jik nayo, ukiacha chuma kilowe humo kwa muda mrefu, hukitia kutu.

Haya yanahusu pia pini ya kutolea funza inayopitishwa kutoka mguu wa mtoto mmoja hadi mwingine: hapo homa ya ini aina ya B na virusi vya Ukimwi vinaweza kuhama. Ubao wa msasa wa kusugulia visigino hauwezi kutakaswa, kwa hiyo beba wako. Kwenye kliniki, omba pakiti ifunguliwe mbele yako na utazame utepe wake: mistari isipogeuka rangi kuwa nyeusi, pakiti hiyo haijaingia kwenye mashine.