Aliyezama anahitaji pumzi, msimkamue tumbo

Kwenye mialo ya Ziwa Victoria ninakofundisha huduma ya kwanza, nakutana na imani ileile: mtu akiopolewa majini, kwanza atolewe maji. Mtoto ananing'inizwa miguu juu, mtu mzima anakandamizwa tumbo. Jamani, tuache. Ukikamua tumbo, kinachopanda ni maji na chakula alichokula, na vikifika kooni ni rahisi kuingia mapafuni. Kinachomuua aliyezama ni kukosa oksijeni, na ubongo huanza kuharibika ndani ya dakika chache. Dakika hizo ndizo tunazozimalizia kwenye kukamua.

Usijitose ovyo kumfuata. Anayezama hushika chochote, na akikukaba shingo mnaondoka wote. Mtupie kamba au dumu tupu lenye kifuniko, au mnyooshee kasia.

Akifika nchi kavu, mlaze chali mahali pagumu. Mwite, mtikise mabega. Rudisha kichwa nyuma, inua kidevu, weka shavu lako karibu na pua yake huku ukitazama kifua, isizidi sekunde 10. Akivuta pumzi mojamoja kama anayekoroma, huko si kupumua, na hapa wengi hudanganyika wakasubiri. Asipopumua, au akivuta pumzi hivyo, mwenzako apige simu (Tanzania ni 114 Zimamoto, au 112), wewe anza kumpulizia. Mbane pua, funika mdomo wake kwa wako, puliza taratibu mpaka uone kifua kinainuka. Mara 5. Kisha bonyeza katikati ya kifua mara 30, kwa nguvu, kishuke kama sentimita 5 kwa mtu mzima, kwa kasi ya mara 100 hadi 120 kwa dakika. Pumzi 2, rudi kifuani, msiache mpaka apumue au wataalamu wafike. Mkichoka, pokezaneni.

Povu jeupe likitoka mdomoni, msishtuke wala kupoteza muda kulifuta, pulizeni tu. Akitapika, mgeuzeni ubavu haraka, safisheni kinywa, mwendelee.

Akianza kupumua mwenyewe, mlazeni ubavu, mvueni nguo zilizolowa, mfunikeni kwa khanga au blanketi. Na hata akisema yuko sawa, apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Kifua kinaweza kuanza kubana saa chache baadaye, na wakati huo awe mahali penye oksijeni na mtu wa kumwangalia.