Prosesa imeingia vizuri, mbona kioo cheusi?

Tangu Microsoft waache kuihudumia Windows 10, tarehe 14 Oktoba 2025, kuna ombi naletewa sana: "Fundi, desktopu yangu ni i5 ya kizazi cha saba. Nimepata prosesa ya kizazi cha nane, nichomekee basi niweke Windows 11."

Ukilisikia hivyo, unaona mteja ana hoja. Kwa Intel, Windows 11 inataka kizazi cha nane kwenda juu, isipokuwa prosesa chache sana. Na prosesa za desktopu za kizazi cha sita, saba, nane na tisa zote zinakaa kwenye soketi (kiti cha prosesa kwenye bodi) ya LGA1151. Pini ni 1,151 huku na kule, ukubwa uleule, kifuniko kinafunga bila shida. Ukiwasha, feni inazunguka na kioo kinabaki cheusi. Kwenye bodi ile haitawaka hata ukiichomoa na kuichomeka mpaka jioni.

Intel walipotoa kizazi cha nane mwaka 2017, i5 za desktopu zilitoka viini vinne (cores, sehemu za prosesa zinazofanya kazi) zikawa na sita. Viini zaidi vinakula umeme zaidi, kwa hiyo baadhi ya pini zilizokuwa zimeachwa akiba zikapewa kazi ya kupitisha umeme. Jina la soketi likabaki lilelile, na hapo ndipo watu wanaponaswa. Ziko 1151 mbili. Moja ni ya chipseti (chipu ya bodi, nitaieleza hapa chini) za mfululizo wa 100 na 200, yaani H110, B150, Z170, B250 na wenzao, kwa kizazi cha sita na saba. Nyingine ni ya mfululizo wa 300, kama H310, B360 na Z390, kwa kizazi cha nane na tisa. Najua wapo wanaochezea BIOS (programu ya ndani ya bodi inayoiwasha kompyuta) na kuziba pini kwa mkanda ili bodi ya zamani ikubali prosesa mpya. Kwa kompyuta ya mtu anayeitegemea kwa hesabu za duka lake, mimi simo.

Kwa hiyo ukienda kununua, soketi ni swali la kwanza tu. La pili ni chipseti, la tatu ni toleo la BIOS. Chipseti ni ile chipu iliyochomelewa juu ya bodi, mara nyingi chini ya kipande cha bati, inayoshughulikia milango ya USB, diski za SATA na njia za ziada za PCIe (za kuchomekea kadi). Prosesa za siku hizi huongea na RAM na kadi ya picha zenyewe, moja kwa moja, ila chipseti ndiyo inayokuambia bodi ni ya kundi gani na imeruhusiwa prosesa zipi.

Kujua uliyonayo, huna haja ya bisibisi. Bonyeza Windows na R, andika msinfo32, soma jina la bodi na toleo la BIOS. Kisha fungua ukurasa wa bodi hiyo kwa mtengenezaji wake, tafuta orodha ya prosesa zinazokubalika. Mbele ya kila prosesa pameandikwa BIOS inayohitajika kuanzia toleo gani. Nikibishana na muuzaji, hiyo orodha ndiyo hakimu.

Kwa desktopu za ofisini zinazokuja zimetumika, mambo yana kona nyingine. OptiPlex 7050 ya Dell na EliteDesk 800 G3 ya HP ni za kizazi cha sita na saba. OptiPlex 7060 na EliteDesk 800 G4 ndizo zilizoanza na cha nane. Mtu huniambia, basi tubadilishe bodi tu. Tatizo bodi za mashine hizi si za vipimo vya kawaida. Plagi kuu ya umeme si ile ya pini 24, na waya za swichi ya mbele nazo zina mpangilio wake. Ukianza na bodi utaishia kununua na pawasaplai na kasha. Uza nzima, ongeza hela, chukua 7060. Ndiyo ushauri wangu, ingawa hauniingizii chochote.

Upande wa AMD, soketi ya AM4 imeishi miaka mingi, kuanzia Ryzen 1000 hadi 5000, na hilo limewaokoa wengi. Mwenye bodi ya B450 na Ryzen ya zamani anaweza kuweka Ryzen 5 5600 akapata kompyuta tofauti kabisa. Ila sasisha BIOS kabla ya kuchomoa prosesa ya zamani, maana ukishaiuza hutakuwa na cha kuwashia bodi, labda iwe na kile kitufe cha kusasisha kwa flashi bila prosesa. Na kazi hiyo ifanyike kwenye UPS (betri ya akiba ya umeme). Umeme ukikatika katikati ya kuandika BIOS, bodi inaweza kufa palepale. Kuna kinyume chake pia: B550 ni mpya kuliko B450, lakini haikubali Ryzen 1000 na 2000, wala Ryzen 3 3200G.

Anayeanza upya na Intel, LGA1700 inabeba kizazi cha 12, 13 na 14. Hapa angalia RAM: kuna bodi za DDR4 na za DDR5, na pengo la katikati halilingani, kwa hiyo RAM zako za zamani zinaweza kukataa kuingia. AM5, soketi ya AMD iliyofuata AM4, ni DDR5 tu. Kwa i5-12400, bodi ya H610 inatosha, ukikubali kuishi na nafasi mbili za RAM. Usiiwekee i9-12900K. Ile inaweza kuvuta wati 241, na saketi za umeme za bodi nyingi za bei ya chini hazina hata kipoozeo. Itawaka, kisha itajipunguza mwendo kwa joto na hela yako itakuwa imepotea bure. Herufi K mwishoni mwa jina la prosesa nayo inalipiwa kwa ajili ya kuongeza kasi, jambo linalohitaji chipseti ya Z. Herufi F maana yake prosesa haina sehemu ya picha ndani yake. Bila kadi ya picha, HDMI ya kwenye bodi haitatoa kitu.

Ukinunua bodi ya Intel iliyotumika, usiondoke dukani kabla ya kufungua kifuniko cha soketi. Washa tochi ya simu, imulike kwa ubavu, zungusha bodi polepole. Pini zote zinatakiwa zing'ae kwa mistari iliyonyooka. Penye alama inayong'aa tofauti na jirani zake, pini imepinda. Iache hapohapo, uombe nyingine, hata kama muuzaji anasema atakunyooshea kwa sindano.